Ukungu Ndani ya Karavani Kuukuu: Tafuta Maji Kabla ya Kushika Brashi

Karavani yangu, kinyumba cha kuvutwa na gari, niliinunua mwezi wa Oktoba, mvua za majira ya baridi zikiwa zimeshaanza huku magharibi ya Jimbo la Washington. Ilitengenezwa mwaka 1994, ina urefu wa futi 22, paa la raba, na kuta za fremu ya mbao zilizovikwa bati la alumini. Ndani ilikuwa imepakwa rangi nyeupe mpya kila mahali, hadi nyuma ya droo. Nikauona huo kuwa usafi, wala sikujiuliza mtu anapaka rangi nyuma ya droo ili iweje. Kufika Januari rangi ile ilikuwa imevimba kwenye kona ya mbele, na nilipoibonyeza, kidole kilizama ndani ya ukuta.

Nimekulia Tanga na ukungu naujua. Masika ikikolea, viatu vya ngozi vilivyowekwa kabatini huota ukungu, unavifuta, unavianika juani, mambo yanaisha. Tabia hiyo ya kufuta na kuanika nilikuja nayo huku, na ndiyo iliyonipotezea miezi mitatu. Nyumba ya mawe na chokaa inapumua. Karavani imeundwa kwa tabaka nyembamba zilizobanwa pamoja: bati nje, pamba ya nyuzi za kioo katikati, kisha plaiwudi ya milimita chache iliyobandikwa karatasi ya maua. Maji yakiingia katikati ya tabaka hizo hayana pa kutokea. Ukifuta upande wa ndani umefuta kivuli tu.

Nawaandikia wenzangu walioko Marekani na Kanada wanaonunua karavani za zamani, wengine kwa matembezi ya familia, wengine kwa kuishi humo kwa sababu kodi ya nyumba haishikiki. Ukungu una chakula cha kutosha ndani ya karavani: mbao, karatasi, vumbi, kitambaa. Unachokosa ni maji peke yake. Kwa hiyo kila doa lina maji yake, na maji hayo yana njia tatu tu za kuingia: mvua kutoka nje, mvuke wa humo ndani, au bomba linalovuja. Doa lenyewe litakuambia ni njia ipi, mradi hujalifuta.

Kwanza liache doa liseme

Piga picha. Chora mstari wa penseli kuzunguka ukingo wa doa na uandike tarehe pembeni. Nunua vipimo viwili vya bei ndogo: kimoja cha unyevu wa hewa, kingine chenye sindano mbili za kuchoma kwenye mbao. Mbao iliyo salama husoma chini ya asilimia 15. Ikipita 20, ukungu na kuoza viko njiani hata kama juu ni pakavu.

Ukiwa na shaka kama maji yanatoka hewani au ndani ya ukuta, kata kipande cha nailoni safi chenye ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa tepe pande zote nne, ukiache kwa saa 24. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Yakitokea chini yake, ukuta wenyewe umelowa.

Vitone vyeusi kama pilipili manga iliyonyunyizwa

Vipo kwenye kona za dari, nyuma ya mito ya viti, ndani ya makabati yanayogusana na ukuta wa nje, kuzunguka fremu za madirisha na chini ya godoro. Havina ukingo wa kahawia wala havitiririki. Huzidi wakati wa baridi kali, hata wiki ambayo mvua haikunyesha. Hilo ni jasho. Hewa yenye joto inabeba mvuke, inagusa kitu cha baridi, na mvuke unageuka maji.

Mfano wa hesabu: hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa chochote chenye nyuzi 12 au chini ya hapo. Usiku wa Januari, fremu ya alumini ya dirisha iko chini zaidi ya hapo, na skrubu za ukutani na nguzo za kona vilevile. Teremsha unyevu hadi asilimia 50, na sehemu hiyohiyo haitatoa jasho mpaka ifike kama nyuzi 9. Kwa hiyo lengo langu la baridi ni asilimia 40 hadi 50, na nakitazama kipimo kila asubuhi kama ninavyotazama saa.

Mvuke unatoka wapi? Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa maji mengi kwa pumzi na jasho peke yake. Ongeza chai, wali, kuoga, na taulo zilizoanikwa ndani. Ila kuna chanzo ambacho wengi hawakijui, nami sikukijua: gesi. Propani inapoungua hutoa maji. Kila kilo moja ya gesi huzaa takriban kilo moja na nusu na ushei ya mvuke. Mtungi wa kawaida wa ratili 20, yaani kilo tisa hivi, ukiuchoma wote kwenye jiko la kupikia au kwenye hita ndogo isiyo na bomba la kutolea moshi nje, umemwaga karibu lita 15 za maji hewani ndani ya kibanda cha futi 22. Hita kubwa ya kupashia chumba iliyojengewa ndani ya karavani si hivyo. Hiyo huchoma gesi kwenye chumba chake kilichofungwa na kutoa moshi na mvuke wake nje, kwa hiyo inapasha hewa bila kuilowesha. Kama unaotea moto wa jiko ili kuokoa gesi, unalipa kwa ukungu. Na kuna hatari kubwa kuliko ukungu: kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, huua watu wakiwa usingizini. Jiko la kupikia si la kuotea, na king'ora cha gesi hiyo kiwe kipya na kizima.

Tiba ya jasho ni kutoa mvuke na kupasha sehemu za baridi. Ukipika, funika sufuria, washa feni ya juu ya jiko, na ufungue dirisha la upande wa pili kidogo ili hewa ipite. Wengi huogopa kufungua dirisha kwenye baridi, lakini hewa ya nje ya baridi, hata siku ya mvua, hubeba maji machache kuliko ya ndani. Ikishapashwa moto inakuwa kavu. Weka kifuniko cha plastiki juu ya tundu la hewa la darini ili uweze kuliacha wazi mvua ikinyesha. Kama una umeme wa nje, mashine ya kukausha hewa ndiyo kifaa kitakachokulipa mapema kuliko vyote. Angalia aina yake, maana ile yenye kompresa hulegea na hata kuganda barafu kwenye karavani isiyopashwa moto, wakati ile inayotumia kemikali ya kunyonya unyevu hufanya kazi kwenye baridi. Vile vikopo vya chumvi ya kalsiamu vinafaa kabati moja. Havitoshi karavani nzima yenye watu.

Godoro linastahili neno lake. Sponji ikilala moja kwa moja juu ya ubao, joto la mwili husukuma mvuke chini hadi ukutane na ubao wa baridi, na hapo unabaki. Inua godoro lako leo ulitazame upande wa chini. Nimetoboa ubao wa kitanda changu matundu mengi na kuweka vipande vya mbao vyembamba juu yake, hewa ipite. Mito ya viti nayo naivuta sentimita tano kutoka ukutani kila usiku.

Doa la kahawia lenye ukingo, au mchirizi unaoshuka

Hili ni la mvua, nalo ndilo lililoua ukuta wangu. Ukingo wa kahawia ni rangi ya mbao na gundi iliyobebwa na maji na kuachwa pale maji yalipokauka. Pete kadhaa, moja ndani ya nyingine, zinamaanisha maji yamekuja mara nyingi. Doa linalokua siku moja au mbili baada ya mvua halina mjadala.

Kosa linalofanywa ni kuziba juu ya doa. Maji hayashuki wima. Huingia kwenye mshono fulani paani, hutambaa juu ya boriti, hufuata waya wa taa, kisha hudondoka hata mita mbili kutoka yalipoingilia. Panda paani, au kama paa halibebi mtu, tumia ngazi ya pembeni na ubao mpana. Fuata mshono mmoja baada ya mwingine kwa vidole. Gundi ya kuzibia iliyopasuka, iliyoinuka ukingoni, au iliyokauka kama udongo wa ziwa lililokauka, haizibi tena. Tazama kuzunguka kila tundu la hewa, kila bomba linalotokeza, ngazi, antena, na pale paa linapokutana na ukuta wa mbele na wa nyuma. Raba ikitoa maji meupe kama chokaa ukiiosha, hiyo ni kuchakaa kwake kwa kawaida, si tundu.

Sehemu mbili husahaulika. Ya kwanza ni zile taa ndogo za juu mbele na nyuma. Kila moja ni tundu kwenye bati, na nyuma yake huwa na kipande cha sponji kilichooza zamani. Ya pili ni vile vipande vya alumini vinavyofunika kona. Juu yake kuna utepe wa plastiki. Uvute uone skrubu. Zikiwa na kutu nyekundu, maji yanapita. Ukiifungua skrubu ikatoka bila kushika chochote, mbao iliyo nyuma imekwisha. Kona yangu ya mbele ilikuwa hivyo. Skrubu kumi na moja zilitoka kwa vidole.

Chini ya vipande hivyo vya kona, na nyuma ya fremu za madirisha, kiwandani huwekwa tepe laini ya butili, aina ya raba inayonata. Baada ya miaka ishirini inakauka na kunyauka. Kupaka silikoni kuzunguka dirisha kwa nje hakurudishi tepe iliyokufa. Maji yakipita juu yake, silikoni inayafungia ndani, na mtu atakayekuja kuirekebisha baadaye atapata tabu kwa sababu hakuna gundi inayoshika vizuri juu ya mabaki ya silikoni. Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira: fungua skrubu, toa dirisha, kwangua tepe ya zamani, safisha, zungushia butili mpya, rudisha, kaza taratibu mpaka butili itokeze pande zote, kisha kata iliyozidi. Dirisha moja lilinichukua saa mbili. La tatu, dakika arobaini.

Juu ya paa la raba tumia gundi ya kuzibia iliyotengenezwa kwa ajili ya paa la aina hiyo. Lami na vitu vyenye asili ya petroli huivimbisha raba na kuiharibu.

Kabla ya kung'oa dirisha lolote, kagua vitundu vya kutolea maji chini ya fremu. Mimina kikombe cha maji kwenye reli ya kioo. Yakitoka nje, vema. Yakijaa na kumwagika ndani, vitundu vimeziba uchafu, na waya mwembamba utamaliza tatizo ulilodhani la mamia ya dola.

Usipoona tundu kwa macho, litafute kwa hewa. Funga madirisha na matundu yote, weka feni yenye nguvu kwenye tundu moja la darini ikisukuma hewa ndani, ziba kando zake kwa katoni na tepe, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye mishono yote ya nje. Panapovuja patatoa povu. Nilipofanya hivyo, taa ya pili kutoka kushoto ilitoa povu jingi, na mimi nilikuwa nimeshaziba madirisha mawili yasiyokuwa na kosa.

Doa likiwa karibu na kiyoyozi cha paani, jiulize linalowa lini. Mvua ikinyesha, pengine raba ya chini yake imelegea, na boliti nne zinazoonekana ukifungua kifuniko cha ndani zinahitaji kukazwa kwa usawa, bila kuibana raba mpaka iwe bapa. Likilowa siku ya jua kali kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, ni maji yake mwenyewe yaliyokosa njia ya kutokea juu ya paa.

Sakafu inabonyea, au ukungu upo usawa wa miguu

Hapa shuku mabomba: chini ya sinki, nyuma ya hita ya maji, kwenye kitako cha choo na chini ya beseni la kuogea. Jaza tangi la maji safi, washa pampu, funga bomba zote, kisha ukae kimya. Pampu inatakiwa inyamaze. Ikiunguruma kidogo kila baada ya dakika chache bila mtu kufungua maji, kuna mahali presha inapotea. Pitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halioni. Karavani iliyoachwa na maji kwenye bomba usiku wa barafu hupata nyufa ambazo huonekana tu majira ya kuchipua, siku ya kwanza ya kuwasha pampu.

Sakafu ikibonyea mlangoni au chini ya kona, rudi kwenye mvua. Maji ya kona ya juu hushuka ndani ya ukuta na kuishia kwenye boriti ya chini.

Uvundo upo, doa halipo

Fungua kila kitu kinachofungika. Toa droo, inua mbao za chini ya viti, ingiza kichwa na tochi kwenye kabati la juu kabisa la kona. Bandua zulia pembeni. Mapazia na vitambaa vya viti vya miaka ya 1990 vimenyonya miongo mitatu ya mvuke, na wakati mwingine harufu yote imo humo. Vitoe nje siku mbili uone kama karavani inabaki na uvundo.

Harufu ya mayai viza si ya ukungu. Inaweza kutoka kwenye maji yaliyolala ndani ya hita au kwenye tangi la maji machafu, lakini gesi ya propani nayo hutiwa dawa yenye harufu inayofanana na hiyo. Usiwashe wala usizime taa. Toka na watu wote, funga mtungi ikiwa unaufikia kwa usalama, na utafute msaada ukiwa mbali.

Kusafisha

Chanzo kikishazibwa, sasa shika brashi. EPA, wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda mazingira, hushauri kwamba eneo lisilozidi futi 10 za mraba, kama mita moja ya mraba, mtu anaweza kulisafisha mwenyewe. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto na mgonjwa wa mapafu wakae nje. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani isiyoingiza hewa. Madirisha yawe wazi. Usikwangue ukungu mkavu wala kuupiga feni, utausambaza, ulowanishe kwanza.

Kwenye plastiki, bati, kioo na mbao iliyopakwa vanishi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo yanatosha mara nyingi. Ukungu uking'ang'ania, nyunyizia siki nyeupe, subiri saa moja, sugua, suuza, kausha kabisa. Jiki sikupendekezei kwa mbao. Inaondoa weusi wa juu na kukuridhisha macho, huku sehemu kubwa ya dawa hiyo ni maji yanayoingia ndani ya mbao. EPA nayo haiishauri kama dawa ya kawaida ya ukungu. Na kamwe usiichanganye jiki na siki wala na amonia. Zote mbili hutoa gesi ya sumu, na ndani ya karavani hakuna nafasi ya kukimbilia.

Sponji ya godoro, zulia na pamba ya ukutani vilivyoota ukungu havisafishiki. Vifunge kwenye nailoni humohumo ndani kabla ya kuvitoa, visipukutike njiani. Plaiwudi iliyolainika ikatwe mpaka ufikie mbao ngumu yenye sauti kavu ukiigonga. Usifunge ukuta mpya kabla sindano hazijasoma chini ya 15. Mimi nilisubiri siku kumi na tisa, ukuta ukiwa wazi, mashine ya kukausha ikiwaka mchana na usiku. Wala usipake rangi juu ya ukungu, hata ile inayouzwa kwa jina la kuzuia ukungu.

Karavani yenye kuta za faibaglasi laini ikivimba kwa nje kama mkate, tabaka zimeachana kwa maji. Kusafisha ndani hakutagusa hilo. Kama hujainunua bado, iache.

Ikilala miezi ya baridi

Iegeshe ikiwa imeinama kidogo upande mmoja ili maji yasituame paani. Paa la bati au banda juu yake ni bora kuliko turubai. Turubai la plastiki lililobana hufungia jasho ndani, na kingo zake zikipigwa na upepo hukwangua raba. Maji yote yatolewe kwenye bomba, milango ya makabati na friji iwe wazi, magodoro yasimame wima, chakula na nguo zitoke.

Alama zangu za penseli bado zipo ukutani na tarehe zake, sijazifuta. Kila Machi, kabla ya kufungua pazia, nachoma sindano za kipimo kwenye kila alama. Mwaka huu zote zilisoma kati ya 10 na 13, isipokuwa ile ya juu ya mlango iliyotoa 18. Dari pale ilikuwa kavu kwa macho na kwa mkono. Nilipanda paani siku hiyohiyo nikaikuta gundi ya mshono wa nyuma imepasuka, ufa usiozidi urefu wa kidole.